Unawaza Nini Juu ya Mpira? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanagofu wa Dar

Mimi si kocha. Ni mchezaji wa handikapu 17 (idadi ya mikwaju anayokadiriwa mtu kuzidisha juu ya kiwango cha uwanja; ikishuka, umeendelea) ambaye miaka mitatu iliyopita alikuwa na 24, na tofauti hiyo haikuletwa na fimbo mpya wala suingi mpya, yaani namna mpya ya kuizungusha fimbo. Ililetwa na kukinyamazisha kichwa. Ndiyo maana watu hunisimamisha kwenye maegesho ya magari Gymkhana, au tukiwa tumekaa baada ya raundi kule Lugalo, kwenye uwanja wa gofu wa jeshi, wakaniuliza yaleyale. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, na nimeyajibu kama ninavyojibu kwa mdomo, ili siku moja nami niinywe soda yangu ikiwa bado ya baridi.

Wazo la suingi ni kitu gani hasa?

Ni lile neno au picha unayoishika kichwani wakati unapiga. "Kichwa kisiinuke." "Bega lizunguke." "Mkono wa kushoto usikunjike." Kila mtu analo, hata anayeapa kwamba hana. Asiyelijua la kwake ndiye anayelibadilisha kila shimo bila kujua kwamba amelibadilisha, halafu anailaumu fimbo.

Shida kubwa ni muda. Kuishusha fimbo kutoka juu hadi mpirani huchukua takriban robo ya sekunde. Uso wa fimbo na mpira hugusana kwa muda wa kama nusu ya elfu moja ya sekunde, halafu mpira umeshaondoka. Hakuna binadamu anayeweza kuliona kosa ndani ya robo sekunde, akalitafakari, akatuma amri kwenye kiwiko, na kiwiko kikatii. Kwa hiyo wazo lolote la "nirekebishe hiki wakati nashuka" limechelewa kabla halijazaliwa. Wazo hufanya kazi kabla fimbo haijasogea, au wakati inapanda. Ikianza kushuka, wewe ni abiria.

Niwe na mawazo mangapi?

Moja. Ukiweza nusu, bora zaidi.

Sawa, lipi?

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Mawazo ya suingi yako ya aina mbili. Kuna yanayohusu mwili wako: kiwiko, nyonga, goti, kichwa. Na kuna yanayohusu kitu kilicho nje ya mwili: fimbo inavyobembea, mpira unavyoruka, ule mwembe nyuma ya grini (pale penye majani mafupi yanayolizunguka shimo) unaotaka mpira uufuate. Mtafiti Gabriele Wulf na wenzake walilijaribu jambo hili mwaka 1999 kwa watu ambao gofu hawakuijua kabisa. Waliwapa kazi ya kupiga mipira mifupi kwenda kwenye shabaha. Kundi moja likaambiwa lizingatie mikono inavyobembea, jingine lizingatie fimbo inavyobembea. Maelekezo yanakaribia kufanana, maana mkono na fimbo vimeshikana. Lakini waliozingatia fimbo walilenga vizuri zaidi. Tangu hapo jambo hilo limepimwa katika michezo mingi, na mara nyingi jibu huangukia upande uleule: ukiuchunguza mwili wako ukiwa kazini, unakakamaa.

Huhitaji maabara kuliamini hilo. Shuka ngazi za jengo lolote pale Posta huku ukiwaza mguu upi unatangulia na goti linakunjika kiasi gani. Utajikwaa. Ngazi hizohizo juzi ulizishuka ukiongea na simu na mfuko wa maembe mkononi.

Kwa hiyo wazo zuri lina sifa tatu kwangu. Ni fupi. Linahusu mahali mpira unapokwenda au mwendo wa fimbo, si kiungo cha mwili. Na linasema unachotaka, si unachokiogopa. Mchezaji wa kulipwa Rory McIlroy alipochukua The Open, moja ya mashindano makubwa ya gofu duniani, mwaka 2014 pale Hoylake, Uingereza, alieleza baadaye kwamba wiki nzima alikuwa na maneno mawili tu kichwani: moja la kumkumbusha kufuata utaratibu wake wa kila mkwaju, jingine la kumkumbusha kuiangalia alama ndogo kwenye grini ambayo mpira ulitakiwa upite juu yake. Maneno mawili, mashimo 72.

Langu mimi ni mdundo. Kwa wachezaji wengi wa kulipwa, kuipandisha fimbo huchukua kama mara tatu ya muda wa kuishusha. Yaani tatu kwa moja. Nikatafuta neno la Kiswahili lenye mdundo huo, nikajaribu majina ya matunda, majina ya wanangu, mwisho nikagundua ninaishi ndani yake: *Da-re-sa-laam*. Da-re-sa unapandisha, laam unapiga. Halina kiwiko ndani yake, halina goti. Ukilisema kwa pupa, suingi inakuwa ya pupa. Ukilisema kama mtu anayemweleza mgeni anakotoka, suingi inatulia.

Mimi ni mgeni kabisa. Kocha ameniambia vitu saba. Nivitupe?

Usimtupie kocha wako vitu vyake, dada yangu. Anayejifunza anahitaji kuijua kazi ya mikono, na utafiti wa Sian Beilock na wenzake juu ya kusukuma mpira kwenye grini uliwahi kuonyesha kitu kinachowafariji wageni: kuzingatia hatua za ufundi kuliwasaidia wanaoanza, ilhali wazoefu walipoambiwa wafanye hivyohivyo waliharibu. Mzoefu akikichungulia kile ambacho mwili umeshakijua, anakivuruga.

Tofauti ni mahali. Vitu saba vipeleke kwenye mazoezi, kimoja kwa siku. Uwanjani nenda na kimoja, na umwombe kocha akigeuze kiwe cha fimbo badala ya cha mwili. Badala ya "hamishia uzito mguu wa kushoto", akwambie "fagia majani yaliyo mbele ya mpira". Kocha mzuri hatashindwa. Akishindwa, hilo nalo umejifunza.

Kwa nini nikijiambia "usipige majini" mpira unaenda majini moja kwa moja?

Umeshawahi kumpa mtoto wa miaka sita kikombe cha uji kilichojaa ukamwambia "usimwage"? Basi.

Mwanasaikolojia Daniel Wegner aliyatumia maisha yake kulichunguza jambo hili. Ili kichwa kijizuie kuwaza kitu, lazima sehemu fulani ya kichwa ikae mlangoni ikichungulia kama hicho kitu kimekuja. Yule mlinzi wa mlangoni, mambo yakiwa mengi, ndiye anayekiingiza ndani. Mwaka 1998 yeye na wenzake waliwapa watu kazi ya kusukuma mpira wa gofu wakiwaambia wasiupitishe shabaha. Waliopewa namba ya kukariri wakati huohuo, ndio waliozidi kuupitisha.

Sasa jipime wewe: ukisimama juu ya mpira ukiwa na namba ngapi za kukariri? Alama zako, za mpinzani, dau la chakula cha mchana, na gari uliloliacha juani. Ukiongeza "usi" juu ya hizo, umekwisha. Badilisha sentensi. Dimbwi liko kulia? Tafuta kitu upande wa kushoto, kichague kidogo iwezekanavyo. Si "kushoto", bali "tawi lile la chini la mti ule". Kichwa kinapenda kupewa mahali pa kwenda.

Mazoezini napiga kama wa kulipwa. Mashindanoni nakuwa mtu mwingine. Nimerogwa?

Hujarogwa, kaka. Umefanya mazoezi ya kitu kingine.

Angalia unavyofanya jioni ukitoka kazini. Unachukua fimbo namba 7, unapiga mipira 50 kwenda upande uleule, kutoka mahali palepale. Mpira wa 12 ukipinda, wa 13 unasubiri, hakuna kilichoharibika. Kufika wa 30 mwili umeshapata mdundo, unajiona uko tayari kwa mashindano ya Jumamosi. Lakini Jumamosi hakuna mpira wa 13. Unapiga draiva, ile fimbo ya mkwaju mrefu, mara moja, unatembea mita 200 na kitu, unapiga fimbo nyingine kabisa mara moja, miguu yako ikiwa kwenye mteremko, na watu watatu wanakuangalia wakiwa wamenyamaza.

Dawa yake haina gharama. Chukua mipira 18 tu. Cheza uwanja unaoujua kichwani: draiva shimo la kwanza, halafu amua mpira umeangukia wapi, badilisha fimbo, badilisha shabaha, piga. Kila mpira uanze upya kutoka nyuma: simama, chagua, ingia, piga. Itakuchosha zaidi ya mipira 50, na utajiona unapiga vibaya zaidi. Ni kweli utapiga vibaya zaidi jioni ile. Mazoezi ya kuchanganya yana tabia hiyo, yanakuvunja moyo leo na kukulipa baadaye. Wengi wanayaacha siku ya pili kwa sababu hiyo, na mimi niliyaacha mara mbili kabla hayajanikaa.

Jambo la pili ni kuweka kitu cha kupoteza. Mpira wa mwisho wa mazoezi yangu ni mmoja, na nikiukosa namnunulia kijana wa mipira soda. Elfu moja haiumi. Lakini mikono inajua kwamba kuna elfu moja pale.

Utaratibu kabla ya kupiga uwe mrefu kiasi gani?

Kanuni za gofu tangu 2019 zinapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike na hakuna kinachokuzuia. Zinatosha, na chenji inabaki.

Utaratibu wangu una sehemu mbili, na katikati nimechora mstari wa kufikirika nyuma ya mpira, kama hatua tatu hivi. Nyuma ya mstari ndipo pa kufikiri: upepo, umbali, fimbo, kedi anayenibebea mfuko anasemaje. Hapo naruhusiwa kuwa na shaka. Jack Nicklaus, aliyeshinda mashindano makubwa 18, alikuwa na desturi ya kuuona mkwaju kichwani kabla hajaupiga, mpira unavyotua, unavyoruka, ndipo suingi. Mimi picha yangu si safi kiasi hicho, ni kama televisheni yenye antena mbovu, lakini naisubiri itokee. Ikitokea, navuta pumzi moja ndefu, naitoa, navuka mstari.

Mbele ya mstari hakuna mjadala. Nikijikuta naanza kuuliza "hivi kweli hii namba 8 inafika?", narudi nyuma. Kurudi ni aibu ndogo. Kupiga ukiwa na swali mdomoni ni mkwaju mzima.

Raundi inachukua muda wa saa nne na nusu, kichwa kinachoka. Nitakaaje makini muda wote huo?

Usikae. Piga hesabu: mikwaju 90, kila mmoja suingi ya sekunde moja na nusu. Haifiki dakika mbili na nusu. Hata ukiongeza utaratibu wa kila mkwaju, muda unaohitaji umakini wa kweli ni kama saa moja. Uliobaki ni kutembea.

Kwa hiyo tembea. Ongelea Simba na Yanga, ongelea bei ya saruji, mwulize kedi wako kijijini kwao wamevuna nini. Ninaowaona wanafifia kuanzia shimo la 13 ni wale waliokunja uso tangu la kwanza, hawaongei na mtu, wanaibeba kila hesabu begani pamoja na mfuko. Taa iwake ukiufikia mpira, izimike ukirudisha fimbo mfukoni. Mimi hiyo ndiyo swichi yangu: sauti ya fimbo kuingia mfukoni.

Honi, bodaboda, adhana, helikopta. Gymkhana iko katikati ya jiji. Nifanyeje?

Kwanza, ujue unaruhusiwa kuacha. Ukiwa unashusha fimbo ukaamua kutopiga, na ukaisimamisha kwa makusudi kabla haijafika mpirani, kanuni hazikuhesabii mkwaju. Rudi nyuma, anza upya.

Pili, acha kuutafuta ukimya. Earl Woods, baba yake Tiger, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alikuwa akimpigia kelele mwanawe makusudi wakati kijana yuko katikati ya suingi, akichezesha sarafu mfukoni, akiangusha vitu. Sisi wa Dar tumepewa huduma hiyo bure. Kinachomvuruga mtu ni ile kelele moja ya ghafla ndani ya kimya alichokisubiri kwa nguvu. Aliyeikubali kelele tangu alipotoka nyumbani Mbagala, haimshtui.

Nimepangwa kundi moja na bosi wangu. Mikono inatetemeka shimo la kwanza.

Mwamkie, mpe nafasi ya kuanza kama ni zamu yake, halafu ukumbuke kwamba naye anauogopa mpira wake. Nimecheza Lugalo na watu wenye nyota mabegani ambao jeshi zima linawapigia saluti, na shimo la kwanza nikawaona wanavyoushika mpini kama wanakamua nguo. Piga fimbo unayoiamini, si draiva ya kujionyesha. Mkwaju wa mita 150 ulionyooka unaheshimika kuliko mita 230 za kwenye vichaka.

Kedi wangu anaongea sana.

Mwambie. Lakini mwambie shimo la kwanza, kwa adabu, si la tisa ukiwa umekasirika. "Kijana wangu, nyuma ya mpira nisaidie kila unachokijua. Nikishaingia, tunyamaze wote." Atafurahi, maana wengi wao wanacheza kuliko sisi na wanakerwa na kutuona tunauliza ushauri kisha tunapiga kitu kingine. Tena kanuni za 2019 zinamkataza kedi kusimama makusudi kwenye mstari nyuma ya mpira wako unapoanza kujipanga kupiga hadi mkwaju upigwe. Kukupangia unakolenga si kazi yake.

Nina kisa. Kedi mmoja mtu mzima aliwahi kuniona nikifanya suingi za kujaribia nne, moja baada ya nyingine, kila moja na dosari yake niliyokuwa nairekebisha. Akasubiri. Nilipomaliza akaniuliza, "Mzee, sasa kati ya hizo nne unapiga ipi?" Tangu siku ile nafanya moja.

Mwenzangu kwenye kundi ananifundisha katikati ya mashindano. Ni sawa?

Si sawa. Kumpa ushauri wa namna ya kupiga mchezaji mwenzako wa mashindano ni adhabu ya mikwaju miwili kwa anayetoa, na wewe ukimwomba unapata yako. Ushauri unaruhusiwa kutoka kwa kedi wako. Wengine wakushauri mkishamaliza, na kwa ninavyowajua watu wetu, watakushauri tu.

Nikiharibu shimo moja, hasira inaniharibia matano yanayofuata.

Hasira haikatazwi. Inapewa mipaka. Mimi najiruhusu kuwa na hasira mpaka kivuli cha mti unaofuata. Natukana kimoyomoyo (wakati mwingine si kimoyomoyo), nikifika kivulini nakunywa maji na mambo yameisha. Siku ambayo mti uko mbali nashukuru.

Kisha jiulize swali moja: niliuchagua vibaya, au niliupiga vibaya? Kama uliuchagua vizuri ukapigwa vibaya, hakuna cha kubadilisha, binadamu ndivyo walivyo. Kama ulichagua kitu cha kijinga, hapo kuna somo la shimo lijalo. Watu wengi hufanya kinyume: wanabadilisha suingi kwa sababu ya uamuzi mbovu.

McIlroy huyohuyo, Aprili 2011, aliingia siku ya mwisho ya Masters, shindano jingine kubwa, akiongoza kwa mikwaju minne, akapiga 80, dunia nzima ikimtazama akiwa na umri wa miaka 21. Miezi miwili baadaye alishinda US Open kwa tofauti ya mikwaju minane. Masters yenyewe ilimchukua hadi 2025. Kwa hiyo huo mpira wako uliopotea shimo la saba, kaka, tunaweza kuuzungumza kwa sauti ya chini.

Shimo la mwisho naongoza. Nacheza kwa tahadhari au kama kawaida?

Watu huleta mfano wa Jean van de Velde, na wengi huusimulia kama kisa cha woga. Mimi siuoni hivyo. The Open ya 1999, Carnoustie, Scotland: Mfaransa huyu alisimama shimo la 18, la mikwaju minne, akiwa na akiba ya mitatu. Sita zilimtosha kuwa bingwa. Akachukua draiva, ikaenda pembeni kulia. Mpira wa pili ukagonga jukwaa la watazamaji ukarudi nyuma hadi kwenye majani marefu, wa tatu ukaingia kijito. Akavua viatu na soksi akaingia majini kuutazama, akabadilisha mawazo, akaudondosha mpira kwa adhabu, akaingia mchangani, mwisho akamaliza kwa saba. Kwenye mashimo ya ziada akashinda Paul Lawrie.

Mikono ya Van de Velde haikutetemeka. Mpira wake wa mwisho shimoni, kutoka umbali wa kukosa kwa urahisi, aliutia safi. Kilichomponza ni kule nyuma ya mstari, kwenye kuchagua. Kwa hiyo jibu langu: chagua kwa tahadhari, piga kama kawaida. Kuchagua mkwaju wa ujasiri halafu kuupiga kwa woga ni mambo mawili yasiyokaa chumba kimoja.

Mipira mifupi kwenye grini. Mita moja tu, nakosa.

Shimo lina upana wa milimita 108. Lilikuwa hivyo jana, na ukiwa na dau linabaki hivyo.

Joan Vickers wa Kanada aliyapima macho ya wasukumaji wazuri akakuta kwamba wanayatuliza mahali pamoja kwenye mpira kwa sekunde mbili hivi kabla ya kupiga, na yanabaki palepale kidogo hata mpira ukishaondoka. Wasio wazuri macho yao yanarukaruka: mpira, shimo, fimbo, mpira, uso wa mpinzani. Jaribu kuchagua kitobo kimoja tu kwenye upande wa nyuma wa mpira wenyewe. Mpira ukiondoka, hesabu "moja" ukiyaangalia majani ulipokuwa. Usikie kwa sikio kama umeingia.

Kuna njia iliyo kinyume kabisa, ya kuliangalia shimo lenyewe wakati unasukuma. Jordan Spieth aliitumia kwa mipira mifupi mwaka 2015, alioshinda Masters na US Open. Zote mbili zinafanya jambo lilelile: zinakuondoa kwenye mikono yako.

Nikisukuma, mkono unaruka wenyewe. Si woga, unaruka.

Hilo lipo, lina jina katika gofu ya dunia, "yips", na halina maana kwamba wewe ni dhaifu. Kwa wengine chanzo ni wasiwasi, kwa wengine ni hitilafu ya mishipa ya fahamu inayojitokeza kwenye kitendo kimoja kilichorudiwa mara nyingi mno, kama inavyowapata baadhi ya wanamuziki na waandishi. Bernhard Langer wa Ujerumani lilimpata zaidi ya mara moja, akabadilisha namna ya kushika fimbo, na bado alishinda Masters mara mbili, 1985 na 1993. Badilisha mshiko: mkono wa chini uende juu, au tumia fimbo yenye mpini mnene. Kama mkono unaruka hata ukiandika au ukishika kijiko, acha kuniuliza mimi, nenda kwa daktari.

Na hapo hapo: vidonge vya jamii ya beta-bloka, ambavyo wengine huandikiwa kwa ajili ya presha au moyo, vimo kwenye orodha ya vilivyokatazwa mashindanoni katika gofu, kwa sababu hutuliza mikono. Usiache dawa yako. Kama unacheza mashindano yanayopimwa, mweleze daktari mapema; kuna utaratibu wa kibali.

Bia moja kabla ya kuanza inatuliza?

Inakutuliza wewe. Mpira hauinywi.

Mwezi wa pili, kaskazi, jua la saa sita. Umakini unatoka wapi?

Unatoka kwenye chupa ya maji. Mtu aliyekaukiwa hukosea hesabu ndogo, na hapa Dar jasho halikauki mwilini, kwa hiyo halikupozi vizuri. Kunywa kidogo kila shimo, beba glovu mbili, ile iliyolowa itundike kwenye mfuko. Ukiweza, anza saa 12 na nusu asubuhi. Madafu baada ya raundi, si badala ya maji.

Na Ramadhani?

Cheza mashimo tisa, anza kama saa 10 jioni. Jua la Dar huzama kwenye saa 12 na nusu hivi, mwaka mzima halisogei sana, kwa hiyo unamaliza ukiwa na muda wa kunawa na kuishika tende. Usifuatilie alama mwezi huo. Wengine hucheza vizuri kuliko kawaida kwa sababu wamechoka kiasi cha kutoweza kuwaza mambo manne kwa pamoja.

Kunguru amechukua mpira wangu nikiwa ndiyo kwanza nimetulia.

Kama umemwona, au hakuna shaka yoyote kwamba ni yeye, weka mpira mwingine palepale, bila adhabu. Kama hukumwona, una dakika tatu za kuutafuta. Kunguru wa Dar hatafutwi.

Nikisoma dua kabla ya kupiga?

Ndani ya sekunde 40, soma.

Na wewe neno lako halijawahi kukushinda?

Mara nyingi tu. Likichakaa naliweka kando wiki mbili tatu, nachukua jingine, kisha narudi. Maneno haya ni kama wembe, huisha makali. Jumamosi iliyopita lilikuwa na makali, mashimo sita mfululizo, na nadhani nikaanza kulisema kwa sauti bila kujua. Shimo la saba nikavuka mstari wangu, nikapandisha, Da-re-sa… nikasikia nyuma yangu kijana wa mfuko anamnong'oneza mwenzake: "Huyu mzee mbona anaita abiria?" Nilicheka fimbo ikiwa juu. Nikaisimamisha kabla haijafika, kama kanuni zinavyoruhusu, nikarudi nyuma ya mpira, na ikabidi tuwapishe kundi la nyuma yetu.